Siku Krimu Ilipokatika

Nyumbani kwao walimwita Chapuchapu, na jina hilo alilistahili. Vyombo alivisuuza chapuchapu, deki alipiga chapuchapu, na hesabu za shule alizimaliza wenzake wakiwa bado wanachonga penseli. Kwamba nusu yazo alikosa, hilo kwake halikuwa neno.

Jumapili hiyo alifagia sebule kama kawaida, akikwepa mabaki ya vitambaa. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na sebule ndiyo iliyokuwa karakana yake. Tangu asubuhi cherehani ililia bila kupumzika, maana sare kumi na mbili za shule zilitakiwa kesho yake. Na juu ya hayo, wageni walikuwa njiani: Mjomba alikuwa anamleta mkewe kuwaona kwa mara ya kwanza tangu waoane.

"Mwanangu," Mama alisema, "leo jiko ni lako. Upike ule mchuzi wa kuku wa Kihindi."

Chapuchapu nusura aruke juu. Mchuzi ule Mama alifundishwa na mteja wake mmoja wa Kihindi. Ulikuwa mzito, laini, wenye rangi ya chungwa, na walipikiwa wageni wa heshima tu. Chapuchapu alikuwa amesaidia kuupika mara nyingi, lakini hajapata kuushika mwiko peke yake.

"Kuku ameshalowekwa viungo tangu jana," Mama aliendelea. "Ila kumbuka: ukifika kwenye mtindi na krimu, epua kwanza. Acha sufuria itulie. Halafu tia kijiko kimoja kimoja huku unakoroga. Ukivimwaga vyote kwenye moto vitakatika. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama. Kwani mimi mtoto?"

"Mtoto, tena sana," Mama alicheka, akarudi kwenye pedali yake.

Mambo yalianza vizuri. Vitunguu vilimliza, lakini alivikaanga mpaka vikawa vya kahawia. Akatia tangawizi na kitunguu saumu, akatia bizari, iliki na mdalasini, kisha nyanya, kisha kuku. Harufu ikatambaa mpaka sebuleni, na Mama akapiga kelele kutoka huko, "Ewe mtoto, unataka niache kazi?"

Kuku alipoiva, kichwa kikachomoza dirishani. Alikuwa Kidoti, rafiki yake wa nyumba ya pili.

"Wewe! Tunaruka kamba, tumepungukiwa na mtu mmoja. Unakuja, huji?"

"Nakuja sasa hivi!"

Chapuchapu akalitazama bakuli la mtindi na krimu. Kijiko kimoja kimoja? Hapo si mpaka jioni! Akalishika bakuli kwa mikono miwili na kulimwaga lote kwenye mchuzi unaotokota.

Lo! Papo hapo mchuzi ukachafuka. Vipande vidogo vyeupe vikaelea huku na huku kama makombo ya sabuni, na mafuta yakajitenga pembeni. Alikoroga, akakoroga tena, wapi! Wageni wa Mama, mchuzi wa Mama, na yeye aliyejigamba. "Nimekwisha," alijisemea. Hamu yote ya kuruka kamba ikamwisha.

Juu ya rafu palikuwa na kopo la korosho za Baba, ambaye alikuwa safarini kikazi. Alijua korosho zikisagwa huulainisha mchuzi, akachota makonzi mawili. Akatoa vipande vya kuku, akauacha mchuzi upoe kidogo, kisha akausaga pamoja na korosho kwenye blenda.

"Unasaga nini huko?" Mama aliuliza.

"Nyanya, Mama!"

Mchuzi ukatoka laini ajabu. Mama alipokuja kuuonja, alifumba macho. "Wewe! Leo umenipita mimi mwenyewe." Chapuchapu alicheka, lakini kicheko hakikufika moyoni.

Saa saba wageni wakabisha hodi. Mke wa Mjomba alikuwa fundi umeme, mwanamke mchangamfu mwenye mikono ya kazi. Hata hajakaa vizuri alikuwa ameshainyooshea kidole soketi ya ukutani. "Wifi, hiyo imelegea. Kabla sijaondoka nitaikaza." Mama akampenda hapo hapo.

Chakula kikapakuliwa. "Mpishi ni huyu hapa," Mama alitangaza.

"Ala! Huyu huyu wa kuvunja sahani?" Mjomba alitania, na wote wakacheka.

"Hongera, mwanangu," mke wa Mjomba alisema. Kisha akamgeukia Mama kwa haya kidogo. "Wifi, usinione nimekuja na masharti siku ya kwanza. Humu hamna karanga wala korosho? Mwili wangu hauzitaki kabisa. Nikila hata kidogo, koo linavimba na pumzi inakata. Mwaka jana nililazwa."

"Ondoa shaka, wifi," Mama alijibu. "Mchuzi huu naujua ndani nje. Hamna hata punje."

Chapuchapu aliwaza haraka. Labda kidogo hakitamdhuru. Au aisukume sahani yake imwagike, ionekane bahati mbaya? Lakini sufuria nzima ilikuwa na korosho, angepakuliwa mchuzi mwingine. Mke wa Mjomba alikuwa tayari ameinua kijiko.

"Anti, usile!"

Kijiko kikasimama hewani.

"Mna korosho. Nilizitia mimi." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Krimu ilikatika kwa sababu niliimwaga yote, nikaficha. Mama, sikusaga nyanya."

Mke wa Mjomba alirudisha kijiko polepole, akaenda kunawa mikono kwa sabuni. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Nimemhakikishia mgeni wangu. Kwa mdomo wangu mwenyewe." Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mke wa Mjomba aliporudi aliuliza, "Kuku wa kulowekwa amebaki?"

"Vipande vitatu," Chapuchapu alijibu kwa sauti ya chini.

"Basi twende jikoni."

Walichukua sufuria nyingine, mwiko mwingine na sahani safi, na blenda wakaiweka kando. Chapuchapu akapika upya. Mwishoni aliepua, akasubiri, akatia krimu iliyobaki kwenye pakiti kijiko kimoja kimoja. Kazi hiyo ya krimu haikufika hata dakika tano.

"Sikiliza, mwanangu," mke wa Mjomba alisema. "Mimi kazini naficha waya ndani ya ukuta, lakini kosa silifichi. Nikiunga vibaya, nasema kabla mtu hajawasha swichi. Ukinyamaza, ukuta utapendeza, na atakayeumia ni mtu asiyejua lolote. Krimu kukatika ni jambo la kucheka, tungekula hivyo hivyo. Kilichotaka kuniua ni kule kuficha. Leo umesema ukweli mbele ya watu wote, na umeniokoa. Siku nyingine useme mapema, kosa likiwa bado dogo."

"Nisamehe, anti."

"Nimeshakusamehe. Kamwombe radhi mama yako."

Alimwomba, na Mama akamvuta karibu yake. Wakakaa tena mezani. Mke wa Mjomba akashika kijiko, lakini safari hii hakumwuliza Mama.

"Haya, mpishi, niambie. Humu mna nini?"

Chapuchapu alimtazama usoni, akamtajia kila kitu, kimoja baada ya kingine, mpaka chumvi. Mke wa Mjomba akaanza kula.