Mchezo Ulioachwa Njiani

Kila Jumamosi, akishafua sare na kujaza mitungi ya maji, Mukai alikuwa na ruhusa moja: kwenda kwenye saiba ya shangazi yake Wavinya, mjini Machakos, kucheza sataranji kwenye intaneti. Shangazi alimwachia kompyuta ya pembeni, ile ambayo wateja waliikimbia kwa sababu kibodi yake ilikuwa ikikwamakwama. Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na tisa. Mukai alikuwa darasa la saba, na huko mtandaoni alijiita Malkia wa Mumbuni, kwa jina la mtaa wao. Alikuwa hodari kweli, tena alijijua, na hapo ndipo mabaya yalipoanzia.

Jumamosi moja alipangiwa mpinzani aliyejiita Nzuki, yaani nyuki kwa Kikamba, mwenye bendera ya Kenya kando ya jina lake. Lo! Nyuki huyo alikuwa na mwiba! Alimlia Mukai malkia, akala na farasi, akamsukuma mfalme hadi pembeni. Mukai aliutazama ubao kwenye skrini akaona hana pa kutokea. Hatua mbili tu na mchezo ungekwisha.

"Usicheze," alinong'ona Kioko, mwanafunzi mwenzake, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti. "Saa yako si bado iko na dakika nyingi? Nyamaza hivyo hivyo. Atachoka aondoke, halafu kompyuta itakuhesabia ushindi."

"Si huo ni wizi?"

"Umeiba nini? Dakika si ni zako?"

Dakika kweli zilikuwa zake. Mukai akauondoa mkono kwenye kipanya.

Baada ya muda, maneno yakatokea chini ya ubao: *Upo?* Kisha: *Stima zimepotea kwenu?* Halafu: *Kwani nimekukosea? Tafadhali cheza.* Kioko alicheka hadi akashika mbavu. Mukai naye alicheka kidogo, kisha akaacha, asijue kwa nini ameacha. Hatimaye skrini ikatangaza kwamba mpinzani ameondoka na Malkia wa Mumbuni ameshinda.

Sasa mbona ushindi haukuwa na ladha? Alichanganyikiwa, maskini. Alizisoma sheria za mchezo mstari kwa mstari, asione palipokatazwa kukaa kimya. Kama hakuna kosa, kwa nini anaona haya? Na kama kuna kosa, mbona amepewa ushindi? Jumapili kanisani, waumini walipoambiwa watakiane amani, alikumbuka lile neno *Upo?* akasahau kumpa jirani yake mkono. Jumamosi iliyofuata alimtafuta Nzuki, hakumwona. Akamtafuta tena na tena, wapi! Angemwambia nini? Hata hilo hakulijua.

Mwezi uliofuata shule kadhaa za wilaya zilikutana mjini kwa mashindano ya sataranji. Wakati wa chakula cha mchana, Mukai na Kioko waliketi na msichana mwembamba aitwaye Kavutha. Alitoka Kivaa, na aliyewaleta wanafunzi wa huko alikuwa Katekista Maundu, ambaye alikuwa akila muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwenye meza ya jirani.

"Sijui kama nitakuja tena," Kavutha alisema. "Leo nimeletwa kwa sababu jina langu lilikuwa limeshapelekwa. Kwetu kompyuta ni moja, ya parokia, na Katekista amenikataza kuigusa."

"Kwa nini?" Mukai aliuliza.

"Anasema niliiharibu. Nilikuwa nacheza na mtu wa Mumbuni, nimembana kabisa, mara mchezo ukakwama. Katekista akaja akaipiga kofi ubavuni. Hakuna kitu! Akaizima. Nilimwambia sijabonyeza kitu kibaya, akasema watoto wote husema hivyo." Kavutha aliinamia sahani yake. "Labda niliiharibu kweli. Mpaka leo sielewi."

Sasa Mukai alijua Nzuki ni nani. Kioko akamkanyaga mguu chini ya meza, maana yake nyamaza. Na kweli, akinyamaza nani atajua? Lakini huyu hapa mtu anaamini ameharibu mashine, na amenyang'anywa mchezo anaoupenda. Mukai aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Haukukwama," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni mimi. Mimi ndiye Malkia wa Mumbuni. Nilikuwa nimeshindwa, nikakaa tu."

Kavutha alimkazia macho. "Nilipokuuliza kama upo, ulikuwa unasoma?"

"Nilikuwa nasoma."

"Na mimi nililia!"

Katekista Maundu aligeuka. "Hebu rudia hapo, mtoto wangu."

Mukai alisimama akaeleza yote, hata jinsi Kioko alivyocheka, ila kosa akalibeba mwenyewe.

"Kumbe nilipiga kofi mashine isiyo na kosa," Katekista alisema, "na mtoto asiye na kosa nikamfungia mlango. Nisamehe, Kavutha. Jumamosi utaikuta iko wazi."

Kavutha alishindwa kuzuia tabasamu, ila Mukai hakugawiwa hata kidogo. "Wewe kaa chini," alimwambia. "Mchezo wetu haujaisha."

Akavuta ubao mmoja wa mashindano na kupanga kete pale pale zilipokuwa siku ile. Hakusahau hata moja. Mukai alisogeza mfalme wake mahali pekee palipobaki. Kavutha akateremsha ngome, na mfalme akawa amekwisha.

"Umenishinda," Mukai alisema, akanyoosha mkono. Kavutha aliuacha hewani kidogo, kisha akaupokea.

"Imeuma?" Katekista aliuliza.

"Imeuma, Katekista."

"Kwa muda gani?"

"Kidogo tu."

"Basi hicho kidogo ndicho ulichokikimbia, ukamtwika mwenzako uchungu wa mwezi mzima. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Sheria inaweza kukuruhusu kunyamaza, mwanangu, lakini upande wa pili kuna mtu anakungoja. Huyo ndiye wa kufikiria kwanza. Nawe kijana," akamgeukia Kioko, "uliyecheka kuliko wote, umesikia?"

Kioko aliitikia kwa kichwa, macho kwenye sahani.

"Jumamosi nitakutafuta," Kavutha alimwambia Mukai. "Na ukizidiwa, useme."

"Nitasema," Mukai alijibu.