Namba Chini ya Grisi

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alivua sare, akavaa ovaroli lililomzidi kimo na kuingia gereji ya shangazi yake. Jina hilo alipewa na bibi kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Siku hizo walikuwa wakishughulikia kigari kidogo cha zamani, cha mviringo kama kobe, alichokuwa akiendesha marehemu babu. Kilikuwa kimelala bandani tangu kabla Chiriku hajazaliwa. Bibi alitamani kukisikia kikinguruma tena, naye shangazi, fundi wa magari, aliahidi kukifufua.

Injini ilipofunguliwa, Chiriku alikosa la kusema. Shangazi aliushika mhimili mzito unaosukuma pistoni na kuuzungusha polepole. Pistoni moja ikapanda, nyingine ikashuka, zikapishana kwa adabu bila kugusana.

"Shangazi, nani aliwaza haya yote?" alinong'ona.

"Watu wenye subira. Haya, safisha ubavu wa injini unisomee namba. Bila namba hatujui ni injini gani, na ringi, zile pete zinazovishwa pistoni, lazima zilingane nayo."

Grisi ilikuwa imeganda kama lami. Chiriku alisugua kidogo, mkono ukamchoka. Tarakimu za mwisho zilikuwa bado hazionekani. Akachungulia kibati cha namba ya injini kilichopigiliwa kwenye bodi ya gari, akazichukua za pale na kumsomea shangazi. "Si gari ni lile lile?" alijisemea.

Ringi zilipoletwa, zilitumbukia ndani ya silinda kama kokoto kisimani. Shangazi alikunja uso.

"Huyu muuza spea! Nimemtajia namba vizuri kabisa. Leo atanitambua!" Akanyakua mkoba wake.

Chiriku alimshika mkono. Kunyamaza kulikuwa rahisi, lakini angewezaje kumwacha mtu abebe mzigo usio wake?

"Shangazi, usiende. Kosa ni langu. Namba sikuisoma yote. Za mwisho nilizichukua kwenye kibati, nikakisia ni zile zile."

Shangazi aliuweka mkoba chini. Hakufoka. Alimpa brashi na kopo la mafuta ya taa. "Anza upya."

Safari hii Chiriku alisugua mpaka jasho likamwingia machoni. Tarakimu zikajitokeza mojamoja, nazo hazikufanana na za kibati. Shangazi aliinama, akapiga mluzi.

"Kumbe! Hii si injini iliyokuja na gari hili. Ni ya toleo lililofuata, kubwa zaidi. Baba aliibadilisha, wala hakutuambia!"

"Ndiyo maana kile kilima cha sokoni alikuwa akikipanda huku anaimba," alisema bibi kutoka mlangoni, nao wakaangua kicheko.

Ringi sahihi zilikaa barabara. Walifunga injini nati kwa nati, kisha shangazi akamkabidhi Chiriku ufunguo. Injini ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, halafu ikanguruma. Gereji nzima ilitetemeka. Bibi aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho. Chiriku naye alisisimka mwili: kile chuma baridi kilikuwa na uhai!

Shangazi alimshika bega. "Ungenificha, ningemtukana mtu asiye na kosa, kisha ningeagiza tena ringi zile zile. Mwanangu, kazi ya kukisia lazima irudiwe. Lakini anayesema kweli huirudia mara moja tu."