Nyumba Iliyoinama Kushoto

Kila asubuhi kabla ya kengele, Chiriku alikuwa na kazi moja: kuchekesha darasa. Daftari angeweza kulisahau nyumbani, ulimi kamwe.

Siku hiyo alikuta picha mpya ukutani: kilima, mto, na nyumba iliyoinama kushoto. Yote nyeusi na nyeupe. Nukta, msichana mpole aliyekaa naye dawati moja, alikuwa ameichonga kwenye ubao, akaupaka wino, kisha akaugandamizia karatasi.

"Nukta, rangi ziliisha dukani au umeme ulikatika?" Chiriku aliuliza.

Darasa likaangua kicheko. Akanogewa.

"Na nyumba hii jamani, imeegemea kama mlevi anayetafuta ukuta. Ukipiga chafya, paa linahamia kwa jirani."

Nukta aliibandua picha, akaishika tayari kuichana.

"Usichane," mwalimu wa sanaa alisema kutoka mlangoni. "Nipe. Chiriku, hebu njoo."

Mwalimu aliigeuza karatasi, akaiweka kwenye kioo cha dirisha ili waione kwa nyuma. Mwanga ukapenya.

"Ubao ukichapa hugeuza kushoto kuwa kulia. Sasa tazama palivyo kweli."

Chiriku akatazama. Nyumba sasa iliinama kulia, kuelekea mti wenye tawi lililovunjika. Tawi hilo alilivunja yeye. Mlangoni pa nyumba hiyo palikuwa na kigoda cheupe, pale kisu kilipoondoa mbao. Kigoda cha bibi yake.

Masikio yakamwaka moto. Akayatazama matundu ya viatu vyake.

"Mnahama muhula ukiisha," Nukta alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka bibi aende na picha hii."

"Umemcheka mbele ya watu," mwalimu alisema. "Radhi utamwomba wapi?"

Chiriku akawageukia wenzake. Kwa mara ya kwanza, maneno yalimpa shida.

"Nyumba hiyo ni kwetu," alisema. Mmoja akaanza kucheka, akaacha. "Nimeicheka bila kuitazama. Nukta, nisamehe, ndugu yangu."

Nukta akafikiri kidogo. "Mpelekee bibi, usiikunje. Na habari za mlevi usimwambie."

"Simwambii, hata nikibanwa na mlango."

Mwalimu akamkabidhi picha. "Macho yatangulie, mwanangu, ulimi ufuate," alisema. "Anayecheka kazi ya mwenzake kabla ya kuitazama, huenda anapacheka kwao."