Ujumbe wa Mashua ya Mheshimiwa

Kila asubuhi, jua likianza kuchomoza, Mutanu alikuwa kivukoni na kipande cha jerikeni mkononi. Kazi yake ilikuwa kuteka maji yaliyoingia ndani ya mashua na kuyamwaga nje. Baba yake, Kisilu, alizipapasa mbao moja baada ya nyingine kutafuta nyufa, huku redio yake ndogo ikining'inia kwenye mpini wa kasia.

Redio ilitangaza habari, naye Kisilu akaijibu.

"Eti huduma zimefika mashinani! Wewe mtangazaji, umewahi kufika kwenye zahanati yetu Jumamosi? Kufuli tupu!"

"Baba, hakusikii," Mutanu alisema akicheka.

"Najua hasikii. Lakini nikinyamaza nitazoea." Kisilu alipunguza sauti ya redio. "Sikiza, mama. Kiongozi ni kama wewe na hiyo jerikeni. Anateka maji kila asubuhi, hata kama hakuna wa kumpigia makofi. Akiruka siku mbili, tunalowa sote."

Mashua yao ilikuwa kuukuu, lakini haikuwahi kumwangusha mtu. Kisilu aliitumia kuwavusha wanafunzi hadi ng'ambo ya bwawa la Masinga, ilikokuwa shule, na hakuwatoza chochote. Aliwavusha pia wagonjwa, mapadri, wachungaji, na wafuasi wa kila chama. "Mashua haimwombi mtu kadi ya chama," alizoea kusema.

Wakati wa kiangazi, maji ya bwawa yaliposhuka, aliipindua mashua ufukweni. Yeye na Mutanu walisokota pamba, wakaishindilia katika nyufa kwa patasi na nyundo, kisha wakapaka lami moto juu yake. Mutanu alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu, lakini alizijua mbao za mashua ile kama alivyojua vidole vyake.

Shida ilianza siku ya baraza. Mheshimiwa Mwanzia, mwakilishi wa wadi, alikuja kuzungumza na wananchi. Kisilu alisimama, akavua kofia yake, akauliza kwa heshima ni kwa nini zahanati ilikuwa inafungwa Jumamosi na Jumapili, kana kwamba wagonjwa nao wana likizo.

Mheshimiwa alitabasamu. "Huyu ndiye mwenye ile mashua iliyotobokatoboka? Bwana, wewe unawavusha watu kwa jeneza linaloelea, halafu unaniuliza mambo ya afya?"

Watu walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Kisilu alivaa kofia yake, akaketi.

Kesho yake, wanafunzi walipofika kivukoni, mvulana mmoja alipiga kelele, "Haya, twende tupande jeneza!" Kufikia mapumziko ya saa nne, shule nzima ilikuwa ikimwita Mutanu "Mtoto wa Jeneza". Waliimba jina hilo kwenye foleni ya maji. Waliliandika kwenye dawati lake kwa chaki. Ni Tracy peke yake, rafiki yake wa tangu chekechea, aliyechukua kitambaa akalifuta.

Tangu siku hiyo, moyo wa Mutanu ulikuwa na jambo moja tu: Mheshimiwa Mwanzia alipe. Alipokuwa akiosha vyombo aliwaza kisasi. Alipokuwa akichunga mbuzi aliwaza kisasi. Kanisani, wengine walipofumba macho kuomba, yeye aliomba Mheshimiwa achekwe na watu wengi kuliko wale waliomcheka baba yake.

Mheshimiwa naye aliahidi kuleta mashua mpya, na kwa kweli akaileta. Ilikuja juu ya lori, ina injini, imepakwa rangi ya kijani na nyeupe, na ubavuni imechorwa sura yake akicheka. Lakini haikuwekwa majini. Iliwekwa juu ya mawe katika uwanja wa chifu ili ingoje siku ya sherehe, na sherehe ikangoja mgeni wa heshima kutoka Machakos mjini. Mgeni aliahirisha mara ya kwanza, akaahirisha mara ya pili. Mashua ikakaa juani miezi miwili, mpaka Mheshimiwa akaamua kuifanya sherehe bila mgeni.

Siku ya Jumanne Kisilu alipita hapo. Aliinama, akatazama ndani ya mashua, akaona mwanga wa jua ukipenya kati ya mbao. Kwa nje, rangi mpya ilikuwa imezificha nyufa zote.

Jumatano baada ya shule alimwita Mutanu. "Nenda dukani kwa Musau, yule msaidizi wa Mheshimiwa. Mwambie hivi: mbao zimekauka zikasinyaa. Sherehe ni Ijumaa, kwa hivyo waiahirishe. Mashua ilazwe majini siku tatu ili mbao zivimbe, kisha zile nyufa zitakazobaki zizibwe kwa pamba na lami. Umeshika?"

"Nimeshika," Mutanu alijibu. "Lakini Baba, si uwaache tu? Walikucheka."

"Nenda," Kisilu alisema bila kumtazama.

Musau alikuwa akipima sukari. Alimwona Mutanu mlangoni, akamvutia kiti. "Karibu, mtoto wa Kisilu. Umetembea juani sana." Alimpa maji ya kunywa, akamfungia mandazi mawili katika gazeti. "Haya, umetumwa nini?"

Maneno yalikuwa tayari kinywani mwa Mutanu. Lakini nyuma ya Musau, ukutani, kulikuwa na bango la Mheshimiwa akicheka kicheko kilekile cha barazani. Mutanu alimwona katika mawazo yake Ijumaa hiyo: suti yake, viatu vyake vinavyong'aa, maji yakipanda soksi, na watu wote wakishika mbavu.

"Baba anakusalimu tu," alisema.

"Salamu tu? Basi mwambie nimezipokea," Musau akajibu kwa furaha.

Njiani Mutanu alikula mandazi yale, lakini hayakumpendeza. Nyumbani baba yake aliuliza, "Ulisema?" Akajibu, "Nilisema."

"Wakajibu nini?"

"Walisema wamesikia."

Ijumaa kivuko kilijaa watu. Kulikuwa na hema, spika kubwa, na ng'oma. Jaketi za kuokolea zilikuwa zimeletwa pia, lakini zilibaki ofisini kwa chifu, zimefungwa kwa nailoni, kwa sababu mtu mwenye ufunguo alikuwa amekwenda sokoni Kithimani. Kisilu alisimama kando, karibu na mashua yake kuukuu. Alipoona mashua mpya ikisukumwa majini, alishangaa. "Kwani hawakusikia?" alinong'ona.

Mutanu alisogea mbele ili aone vizuri. Moyo wake ulikuwa unadunda kwa furaha mbaya. Mheshimiwa alipanda mashuani na suti yake ya bluu. Alipungia watu mkono. Kisha akashika kipaza sauti.

"Viongozi wa kesho kwanza! Mwalimu Peris, tuletee kwaya ya shule!"

Watoto kumi na wawili walikimbia wakapanda. Wa tatu alikuwa Tracy, ambaye hakujua kuogelea hata kidogo.

Furaha ya Mutanu ilizimika. Alikimbia hadi ukingoni. "Tracy, shuka! Itavuja! Shukeni!"

"Mtoto wa Jeneza ana wivu!" mvulana mmoja alimzomea, na wote wakacheka. Injini ilinguruma, spika zikaimba, na sauti ya Mutanu ikapotea humo.

Mashua ikiwa tupu ilikuwa imeelea vizuri. Sasa, kwa ule uzito, mbao za juu zilizokauka ziliingia majini, na maji yakapenya katika nyufa zake. Haikufika mbali kuliko urefu wa uwanja wa mpira. Wimbo wa watoto uligeuka kuwa mayowe. Injini ilikohoa, ikazimika.

"Baba!" Mutanu alilia. "Baba, wanazama!"

Kisilu alikuwa tayari ameshika makasia. Mutanu alirukia ndani, na mashua kuukuu ikaondoka. Walipofika, maji yalikuwa yamefika magotini mwa watoto. Mheshimiwa Mwanzia alikuwa amesimama katikati, amembeba begani mtoto mdogo kuliko wote, na kwa mkono mwingine amemshikilia Tracy kwa kola ya sare yake. "Watoto kwanza, Kisilu!" alisema. "Chukua watoto kwanza!"

Walichukua watoto mmoja mmoja. Mutanu alimvuta Tracy kwa nguvu zake zote. Mheshimiwa na dereva wa injini waliingia mwisho, na mashua ile kuukuu ikabeba mzigo ambao haikuwahi kuubeba. Mutanu aliteka maji kwa jerikeni yake bila kupumzika mpaka walipogusa mchanga. Nyuma yao mashua mpya ilizama hadi kwenye kingo zake, sura iliyochorwa ikicheka chini ya maji.

Hakuna aliyepotea. Akina mama walivua leso zao wakawafunika watoto. Kisha, hofu ilipopungua, hasira ikaanza.

"Nani ameiharibu mashua hii?" Mheshimiwa aliuliza, maji yakimchuruzika.

Mtu mmoja alinyoosha kidole. "Jumanne nilimwona Kisilu akiinama ndani yake!"

"Nilizitazama nyufa," Kisilu alisema. "Nikamtumia Musau ujumbe Jumatano kwamba mbao zimekauka."

Musau alitikisa kichwa kwa huzuni. "Kisilu ndugu yangu, mbona unanisingizia? Mtoto alikuja, ndiyo. Alileta salamu tu."

"Mwongo!" watu wakaanza kumpigia Kisilu kelele. "Aliitoboa kwa sababu ya wivu!" Chifu alitoa simu ili awaite polisi.

Kisilu alimgeukia binti yake. Hakukasirika. Alimtazama tu, kama anayemtafuta mtu aliyemjua. "Mutanu, ulisema?"

Mutanu alijua kwamba akinyamaza, baba yake angechukuliwa na polisi. Alijua pia kwamba akisema, watu wote wangemgeukia yeye. 

"Sikusema," alijibu. "Baba alinituma niseme, nami nikapeleka salamu tu. Musau alinipa maji na mandazi, na bado sikumwambia. Mashua haikutobolewa na mtu. Ilikaushwa na jua."



"Kwa nini, mtoto?" Mheshimiwa aliuliza.

"Uliita mashua yetu jeneza. Shuleni jina langu ni Mtoto wa Jeneza. Nilitaka ulowe mbele ya watu. Sikujua Tracy atapanda." Hapo akalia.

Mheshimiwa alifuta maji usoni. "Lile neno nililisema kuwachekesha watu."

"Na walicheka, Mheshimiwa," Mwalimu Peris alisema. "Shuleni kwetu wanalicheka mpaka leo. Hata mimi nilisikia, na nilipaswa kulikomesha."

Mheshimiwa Mwanzia alikitazama kipande cha jerikeni mkononi mwa Mutanu, kisha akaitazama mashua iliyomleta ufukweni. Alimwambia chifu airudishe simu mfukoni. Halafu akachukua kipaza sauti, akajaribu kusema, lakini hakikutoa sauti kwa sababu kilikuwa kimelowa. Ikabidi aseme kwa mdomo wake mwenyewe. "Neno lile nalirudisha. Kisilu, nisamehe."

Mashua mpya iliachwa majini siku tatu, kisha ikavutwa ufukweni na kupinduliwa. Kisilu aliamua kwamba Mutanu ndiye angeziba nyufa zote zilizobaki, kila jioni baada ya shule, mpaka zimalizike. Mutanu hakulalamika. Alikwenda kwanza kwa Musau kuomba msamaha, na Musau, mtu yule mwema, akampa tena kiti.

Tracy ilimchukua muda kusamehe. Alipita kando ya Mutanu siku nne bila kumsalimu. Siku ya tano alikuja ufukweni, akaketi mbali kidogo, akaanza kusokota pamba. "Ningekufa," alisema.

"Najua," Mutanu akajibu. "Nisamehe."

"Nipe pamba nyingine."

Mheshimiwa naye alikuja, amevaa viatu vya gambuti. Aliuliza nani ataitunza mashua hiyo baada ya hapo.

"Nitaitunza mimi na wanakijiji," Kisilu alisema, "lakini ufute sura yako. Ikiwa na sura ya mtu mmoja, wengine watadhani ni yake. Hakuna atakayeteka maji yatakayoingia ndani yake. Na zile jaketi zikae kivukoni, si ofisini."

"Lakini Kisilu, sura hiyo ilichorwa wiki mbili!"

"Na ilizama kwa dakika mbili, Mheshimiwa."

Mheshimiwa alicheka, safari hii akijicheka mwenyewe. Aliomba brashi. Zahanati nayo ilianza kufunguliwa Jumamosi, ingawa Jumapili bado Kisilu anaidai kila anaposikiliza redio.

Jioni ya mwisho baba na binti walibaki peke yao na nyundo zao. Mutanu aliuliza, "Baba, bado umenikasirikia?"

Kisilu alishindilia pamba kabla ya kujibu. "Duka la Musau liko mbali na kivuko?"

"Hapana. Ni hapo tu."

"Basi kwa nini sikwenda mwenyewe?" Aliiweka nyundo chini. "Nami nilitaka kumwona amelowa, Mutanu. Nilitaka sana. Kwa hivyo nilituma mtoto aliyeumizwa kama mimi, na sikurudi kuuliza kama ujumbe umefika sawasawa. Wewe ulidanganya, na umekubali kosa lako mbele ya watu. Mimi nimelikubali langu leo. Ukitaka mtu aumie, huwezi kuchagua nani atakaa karibu naye siku hiyo. Ukijua hatari, iseme, hata kwa mtu usiyempenda."

Alisimama, akamnyooshea mkono amwinue.

"Siku nyingine," alisema, "nitakwenda mwenyewe."