Mtani wa Mtu Asiyezikwa

Dada yangu Kijakazi hakujaaliwa sauti. Nasema hivi kwa mapenzi, na mwenyewe alikuwa akisema hivyohivyo. Tulipokuwa madrasa hapa Mtunda, ustadhi alimpanga mstari wa nyuma kwenye kaswida na kumwomba achezeshe midomo tu. Kwa hiyo asubuhi ile alipoingia uani na gitaa mgongoni, mama anapepeta mchele na mimi namenya mihogo, nilicheka mpaka kisu kikanidondoka.

Gitaa lilikuwa la Mshamu, mtoto wa mjomba wetu. Mshamu alikuwa amekufa maji siku za karibuni huko Nyamisati, mashua iliyosheheni boriti za mikoko ilipopinduka. Wenzake walimwona akizama. Hawakumwona akiibuka. Walimtafuta kwenye vijito vyote wanavyovijua, wakarudi mikono mitupu. Akasaliwa bila jeneza, mkewe Muzdalifa akaingia eda, na mjomba akatangaza siku ya arobaini.

Kwetu sisi mtoto wa mjomba ni mtani, na mtani ana kazi yake msibani. Kilio kikizidi, yeye huvaa kanzu ya marehemu, akatembea kama marehemu, akakohoa kama marehemu, akadai chakula kwa ukali wa marehemu, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatiririka. Ana haki pia ya kukamata kitu chochote cha marehemu na hapana wa kumnyang'anya. Kijakazi alikuwa amekamata gitaa.

"Mshamu bila gitaa atakuwa Mshamu gani?" alisema. "Siku ya arobaini nampigia wimbo wake."

"Weye?" nikamuuliza. "Jogoo wetu anakushinda."

Mama hakucheka. Aliutua ungo. "Mtani humwigiza mtu aliyekwisha funikwa udongo," alisema. "Huyu udongo wake uko wapi?"

"Udongo wake maji, mama."

Mama akauchukua tena ungo, nami nikarudi kwenye mihogo. Nyumba ya mjomba ilikuwa imelemewa, tulikuwa tumechoka kulia, tukaona heri mtu mmoja atuchekeshe. Kosa letu lilianzia hapo, na lilikuwa la ukoo mzima.

Kuna jambo lazima niliseme, maana bila hilo hutamwelewa dada yangu. Watani wa namna yetu huitana mke na mume. Tangu utotoni Mshamu alikuwa akipita uani kwetu, "Mke wangu, nipe maji ya kunywa," na Kijakazi anamjibu, "Chota mwenyewe, mume usiye na mahari." Wote tulicheka. Mshamu alipomwoa Muzdalifa, Kijakazi alijitupa mlangoni pa mjomba, akagaagaa mchangani, akamzuia bibi harusi asipite, akalia kwamba mume wake kaibiwa. Watu walishika mbavu. Walimtuza kanga mpya kwa utani mzuri namna ile. Kesho yake nilimkuta macho yamevimba, na sikumuuliza kitu.

Sasa Mshamu amekufa, Muzdalifa ana eda yake na wanawake wa kumshika mkono. Dada yangu hakuwa na pa kulilia. Aliachiwa kazi moja tu, kuwachekesha watu.

Akaanza kujifunza. Kila baada ya adhuhuri alikaa nyuma ya jiko, simu kaiegemeza kwenye kinu, anamfuatisha mwalimu wa mtandaoni. Ilikuwa taabu. Mshamu alikuwa mtu wa mashoto na nyuzi za gitaa lake zilifungwa kinyume, basi kila alichoonyesha mwalimu kwake kilikuja juu chini. Akikibana kidole hiki, kile kinateleza. Ncha za vidole zilichubuka, akawa anazichovya kwenye maji ya chumvi na kurudia. Nyuzi zilitoa mlio wa kuku anayekimbizwa, na sauti yake mwenyewe juu ya mlio huo ndiyo usiseme. Wapita njia walikuwa wanauliza nani anachinja.

Wimbo ulikuwa mmoja tu, aliokuwa akiuimba Mshamu kwenye harusi za Kibiti: *Bandika maji, mke wangu, niko njiani narudi.* Nadhani miaka yote Kijakazi aliuhesabu kuwa wake. Nani mwingine aliitwa mke wangu kabla yake?

Alihangaika hivyo kwa muda bila kupata hata ubeti. Kisha alasiri moja nikiwa narudi kisimani nikausikia wimbo wote, umenyooka, hauna kigugumizi. Nikafurahi. Nikasema moyoni, amepata mwalimu anayefaa.

Nilizunguka jiko. Simu ilikuwa imelala kifudifudi, imezimwa. Kijakazi amefumba macho. Gitaa ameligeuza, analipiga kwa mkono wa kushoto.

"Nani kakufundisha?" nikamuuliza.

"Ananishikia vidole," alinong'ona. "Ana mikono ya baridi, Mwanajuma. Lakini ni yeye."

Nikaishika mikono yake. Vidole vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa nzima. Siku ile hakuwa amefua. Alikuwa anatabasamu, na naapa kwa Mungu sijawahi kumwona dada yangu na furaha ile, wala sikuwa na moyo wa kumharibia.

Tulipokaa kula alipeleka mkono wa kushoto kwenye sinia. Mama akampiga kofi la mkononi. Kijakazi aliutazama ule mkono wake kwa mshangao, akauweka mapajani, akaufunika na kanga. Mkono ulikuwa unacheza chini ya kanga.

Baada ya hapo sauti ikaanza kumtoka. Alikuwa anaanza sentensi yeye, anaimaliza Mshamu. Aliniita kutoka bafuni nimpelekee ndoo, nikamwaga maji yote, maana aliyeita alikuwa mwanamume. Nguo zake zikanuka tope la mikoko hata zikitoka kuanikwa. Mama aliwasha udi, akasoma dua alizozijua. Mimi nikambembeleza alirudishe gitaa.

"Maisha yangu yote nimemwita," alininong'oneza. Kunong'ona ndiko kulikobaki kwake. "Leo anakuja mwenyewe. Unataka nimfukuze?"

 Gitaa nikamwachia.

Siku ya arobaini hitima ikasomwa asubuhi, watu wakala, shehe akaaga. Tukabaki ukoo, majirani, na Badru aliyekuwa na Mshamu kwenye mashua. Muzdalifa alikuwa ndani na eda yake, nyuma ya pazia la mlango. Jua lilikuwa kali, watoto wanagombania ukoko.

Kijakazi akatokea na kanzu ya Mshamu, kofia kaiinamisha upande kama yeye, bega moja juu kama yeye. Uani kukalipuka kicheko. Mjomba mwenyewe alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Nikajisemea, kumbe ilikuwa kheri.

Akaketi. Akashika gitaa kwa kushoto.

Mstari wa kwanza, watu walicheka. Wa pili, walicheka wachache. Wa tatu, hakucheka mtu.

Sauti ilikuwa ya Mshamu. Haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa yake. Na mkwaruzo wake ule mwishoni mwa neno. Mjomba aliinuka, akakaa tena. Watoto waliacha ukoko. Kuku waliacha kuparua.

Kisha maneno ya wimbo yakageuka.

*Bandua maji, Muzdalifa. Sirudi tena.*



*Nimelala chini ya mkoko ulioanguka, tulipopakia boriti za mwisho. Maji yakipwa, njooni mnichukue.*

"Napajua," Badru alisema kwa sauti ndogo. "Jamani, napajua."

Pazia lilitikisika. Muzdalifa hakutoka, eda haikumruhusu. Alisema kutoka ndani, taratibu, "Nimekusikia, mume wangu. Nenda salama."

Gitaa likanyamaza palepale.

Kijakazi alibaki ametazama pazia. Kanzu ilikuwa imelowa kifuani. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufumba, hatukusikia kitu. Uso ule niliwahi kuuona, asubuhi iliyofuata harusi. Mshamu alikuwa amepita kwenye vidole vyake, akapita kwenye koo lake, akamfanya njia. Kisha akaenda zake, na katika yote aliyoyasema hakumwachia dada yangu hata neno moja.

Badru na wenzake waliondoka siku ileile kuyawahi maji yakipwa. Walimkuta penye mkoko ulioanguka, kilichobaki cha mtu, wakamtambua kwa mkanda. Tulimzika Mtunda, na mjomba akapata kaburi la kusomea dua. Kila mtu alimshukuru Kijakazi. Walimwambia ametenda kazi ya mtani kuliko mtani yeyote.

Yeye hakujibu. Tangu siku ile hajatamka neno. Tulimpeleka kwa madaktari, wakamulika koo lake, wakasema ni zima. Tulimpeleka kwa waganga, kila mmoja akataja jini lake. Gitaa tulilirudisha kwa Muzdalifa. Dada yangu analima, anapika, ukimtania anatabasamu. Asubuhi nyingine namkuta amesimama jikoni anatazama sufuria ya maji inayochemka, hana alichokusudia kupika.

Sasa hili sijamwambia mtu, hata mama. Siku ile ya arobaini nilikuwa nimerekodi kwa simu, nije nimcheke nayo baadaye. Sikuwa na ujasiri wa kuisikiliza mpaka juzi. Nilijifungia ndani nikaifungua.

Kicheko cha watu kipo. Cha mjomba kipo, nimekijua. Kisha linaanza gitaa, na ni gitaa tupu. Sauti ya Mshamu tuliyoisikia uani kote haimo. Hakuna Bandua maji, hakuna mkoko ulioanguka. Badru anasema anapajua, lakini hakuna aliyemweleza kitu. Muzdalifa anamjibu mtu ambaye hakusema.

Niliongeza sauti mpaka mwisho, nikaibana simu sikioni. Chini kabisa ya zile nyuzi yupo mtu. Ni Kijakazi, na ile sauti yake mbaya ya mstari wa nyuma, anauliza bila kupumzika tangu wimbo unaanza hadi unakwisha.

"Na mimi, Mshamu? Na mimi je?"