Mke Wangu, Umekula?

Mchana ule, msongamano wa jengo la mafundi simu ulimsukuma mwanamke mmoja hadi mbele ya meza ya fundi mmoja. Alivaa gauni la kijani lililomkaa barabara, na futi ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni.

"Inakataa kila kitu, fundi. Wanasema ninunue nyingine."

"Na wewe hutaki."

"Sitaki."

Fundi akaigeuzageuza ile simu. Kampuni iliyoiunda ilishaitelekeza, masasisho hayaji tena. Alikuwa akimweleza kwamba upo mfumo huru wa kuendeshea simu, unaotunzwa na watu wa kujitolea, usiodai akaunti ya kampuni yoyote, mara simu ikatoa sauti ya mwanamume: "Mke wangu, umekula?"

"Hajala, bwana, yuko kwangu," fundi akatania.

Mwanamke hakucheka. "Nimekula," aliinong'oneza simu. Kisha akamgeukia fundi. "Ni alamu. Aliirekodi mwenyewe, maana nikikaa kwenye cherehani nasahau tumbo. Nilimzika mwaka juzi."

Fundi alisisimka mwili mzima. Kuifungua simu ipokee mfumo mpya kungefuta kila kilichomo, kwa hiyo alianza na sauti ile. Aliinakili kwenye kadi ya kumbukumbu, akaweka mfumo, akairudisha alamu kama ilivyokuwa.

"Uilete kila mwezi niisasishe," alimwambia akimkabidhi.

Akawa anakuja. Waliitana fundi kwa fundi, na katikati ya mwezi simu hazikukatika.

"Fundi cherehani, umenitupa."

"Fundi simu, kwani wewe huna vidole?"

Siku moja mwanamke alimshonea kola ya shati papo hapo, sindano ikipita karibu na shingo yake, na fundi akaomba ndani kwa ndani uzi usiishe. Lakini saa saba ikifika marehemu huuliza, mwanamke hujibu, na mkono uliokuwa karibu na wa fundi hurudi mapajani. Fundi alimwonea wivu maiti, na aliona aibu kwa hilo. Hata nyumbani kwake, akifunua sufuria peke yake, aliisikia sauti ile nyuma yake na kugeuka.

Kisha siku moja mwanamke aliingia bila salamu.

"Mteja wangu ana mfumo huohuo. Anabonyeza mwenyewe nyumbani, simu inajisasisha. Wewe ulisema lazima nije kwako."

Fundi akainamisha kichwa. "Nilizima ile sehemu. Nilitaka uje."

"Basi jana niliiwasha, nikabonyeza. Leo saa saba imepita kimya." Akaisukuma simu mezani. "Umenifanya nimpoteze mara ya pili."

Fundi aliichukua simu. Sauti ilikuwapo kwenye kadi, salama salimini. Ni vile tu mfumo mpya haukujua tena alamu iichukue wapi. Angesema imepotea, nani angembishia? Mwanamke angelia, yeye angembembeleza, na kiti cha marehemu kingebaki wazi. Kidole kilisita juu ya kioo. Lakini alimpenda mno, hakuweza kumfanyia hivyo. Akabonyeza.

"Mke wangu, umekula?"

Fundi alingoja lile "nimekula" alilolizoea. Halikuja.

"Sijala," mwanamke alisema mwishowe, akiitazama simu. "Nakudanganya kila siku. Tangu uondoke, chakula cha mchana hakinipiti kooni."

Machozi yalimtiririka. Fundi hakuthubutu kumgusa.

"Niirudishe kwenye alamu?"

"Iache kwenye kadi. Apumzike."

"Na kusasisha unajua mwenyewe sasa. Huna haja ya kuja tena."

"Najua," alijibu, akajifuta uso kwa kiganja na kupotelea kwenye umati.

Usiku ule fundi hakusikia sauti yoyote nyuma yake, na kimya kile kilimtisha zaidi. Kesho yake saa saba alipiga simu. Upande wa pili cherehani ilikuwa inanguruma.

"Fundi," alisema. "Umekula?"

Cherehani ikanyamaza.

"Bado," alisema mwanamke. "Njoo tule."