Magoti ya Tryphena

Mwaka ule wa 1981, kila alfajiri nyumbani kwa kina Tryphena kijijini Ronge ilianza kwa maombi. Nyanya Priscilla aliomba bila haraka, akitaja kila jirani na kila ng'ombe, hata chai ikapoa. Wengine walipiga magoti. Tryphena, msichana wa darasa la tano, alikaa kitako nyuma ya kiti cha Nyanya, akasinzia.

Hata hivyo, magoti yake yalikuwa na vinundu vya manjano. "Mjukuu wangu ameota sugu kwa kuomba," Nyanya aliwatambia akina mama kanisani. Tryphena alijua si kweli, lakini sifa ni tamu, akanyamaza. Vinundu vya viwikoni alivificha kwa sweta.

Siku moja, akipanda mlima kutoka shuleni, kifua kilimbana akashindwa kutembea. Nyanya akampeleka hospitali mjini Voi.

Daktari Musyimi alimpima, kisha akauliza kuhusu magoti.

"Hayo ni ya maombi, daktari," Nyanya akasema kwa fahari. "Huyu anashinda hata mchungaji."

Daktari akatabasamu. "Basi tuyaache, tuangalie kifua."

Tryphena aliona aibu ikimchoma. Lakini alimkumbuka mdogo wake Josephat, ambaye naye alikuwa ameanza kuota vinundu.

"Si maombi, daktari," akasema, akivua sweta. "Mimi hukaa nikalala. Vinundu viko hata hapa viwikoni. Na Josephat anavyo, na yeye hata amina hajui kusema."

Tabasamu la daktari likatoweka. Josephat naye akaletwa, na damu ya watoto wote wawili ikapelekwa Nairobi. Majibu yaliporudi, daktari alieleza kwamba ni ugonjwa wa nadra wa kurithi: mafuta huzidi katika damu, yakaota vinundu kwenye ngozi na kuziba mishipa ya moyo tangu utotoni.

"Tumewahi," akasema. "Watameza dawa, wataacha vyakula vya mafuta, na nitawaona kliniki kila mwezi. Josephat tumempata kabla hajaumwa."

Baada ya miezi kadhaa Tryphena alipanda mlima polepole, akiimba. Nyanya, aliyekuwa sasa akichemsha kila kitu huku akinung'unika, alisimama kanisani.

"Nilisifu ugonjwa nikidhani ni utakatifu," akasema, na kanisa zima likacheka. Naye akacheka, machozi yakimtoka. "Watoto, mkisifiwa kwa jambo ambalo hamkufanya, semeni. Mjukuu wangu angezipenda sifa zangu kuliko ukweli, leo ningekuwa nawalilia wawili."